PINE GANI KWA MOTOKARI GANI?



Kati ya vitabu vya zamani tulivyopewa kwa biblioteke ya masomo mulikuwa gazeti moja la motokari, bila jalada, kurasa zake zimekulwa na mende. Ndani yake kuko picha ya motokari ndogo ya Kiingereza, haina paa, inapanda mulima mbio. Kwa mulango wake wameandika namba ya mashindano. Hii picha ilileta mabishano makubwa katika internati. Wamoja walisema: "Muangalie pine zake, ni nyembamba sawa vile za kinga! Mwenye hii motokari ni masikini. Mutu mwenye feza angeweka pine pana." Wengine wakasema hapana, mutu wa mashindano hawezi kuwa mujinga, kuko sababu.

Sisi wa kikundi cha mekanike tulipeleka hayo maneno kwa Bwana Mwalimu wa fizike. Hakutujibu hata neno moja. Alitupa chaki, akasema: "Muhesabu." Tumehesabu, tumesoma, tumeuliza, na leo tunawaandikia yale tuliyofahamu. Musiseme ya kama ni habari ya Wazungu na michezo yao tu. Mutaona kwa mwisho namna gani habari hii imeingia mpaka katika safari ya kwaya yetu.

1. MOTOKARI YENYEWE NA MICHEZO YAKE

Ile motokari ya picha inaitwa MGB. Ilitengenezwa kwa Abingdon, inchi ya Uingereza, toka mwaka 1962 mpaka 1980, na zaidi ya 500 000 zilitoka katika kiwanda. Motere yake ni ya santimetre kibe 1798. Iko na nafasi ya watu wawili, na uzito wake, pamoja na mwenye kuiendesha na esanse, ni karibu kilo 1000. Kiwanda chenyewe kiliipeleka kwa mashindano ya Le Mans, inchi ya Ufaransa, pahali wanakimbia masaa 24 muchana na usiku. Ilikwenda mwaka 1963, 1964 na 1965, na kila mara ilifika mwisho.

Leo wenye kuendesha hizi motokari katika mashindano ni watu wa kazi za kila siku. Juma lote wanafanya kazi yao, na Jumamosi wanashindana. Hawalipwi. Motokari ikivunjika, wanatengeneza kwa feza yao wenyewe.

Mashindano yao ni ya namna nyingi. Kuko kukimbia pamoja katika barabara ya muzunguko, labda dakika 20 ao zaidi bila kusimama. Kuko kupanda mulima, mutu mmoja mmoja, na saa ndiyo inahukumu. Pahali panaitwa Shelsley Walsh, kwa Uingereza, wanafanya hivi toka mwaka 1905. Njia yake ni metre 914 tu, na motokari nzuri inaimaliza mbele ya dakika moja kwisha. Tena kuko safari ndefu katika barabara za kawaida, pahali mushindi ni yule anayeshika saa sawasawa, si yule anayekwenda mbio kuliko wote.

Mushike neno hili: dakika moja, dakika 20, ao siku nzima. Mutu anayechagua pine anaanza hapo. Swali la kwanza si "pine gani ni nzuri?" Swali ni "nzuri kwa kazi gani?"

2. MAHALI PADOGO SAWA MUKONO

Motokari ina mambo mengi: motere, freni, volani, vitesi. Lakini vyote vinakutana na inchi pahali pane tu, pale pine zinapogusa barabara. Freni haisimamishi motokari. Freni inasimamisha gurudumu, na pine ndiyo inasimamisha motokari. Pine ikiteleza, freni nzuri haina faida.

Hapo ni kadiri gani? Tulihesabu hivi. Kilo 1000 kwa magurudumu 4 ni kilo 250 kwa kila moja, ndiyo nguvu ya Newton 2450. Upepo ndani ya pine tuseme ni bari 1,7, maana yake Pascal 170 000. Tunagawanya nguvu kwa presio, tunapata metre karee 0,0144. Ni santimetre karee 144, sawa vile santimetre 12 kwa 12. Weka mukono wako juu ya meza, vidole pamoja: ni karibu hivyo. Hesabu hii si kamili kabisa, kwani ubavu wa pine unabeba sehemu ndogo ya muzigo, lakini inatosha kwa kutuonyesha njia.

Sasa, tukiweka pine pana na tukiacha presio ileile, uzito haukubadilika. Basi lile pahali linabaki karibu santimetre karee 144. Linabadilika umbo tu: mbele lilikuwa refu na jembamba, sasa ni fupi na pana. Wale waliosema "pine pana inagusa inchi mara mbili" walikosa. Tuliwaambia, nao walikubali, lakini kwa shida!

Lakini tusidanganye upande mwingine. Pine pana inasaidia. Katika darasa tulijifunza ya kama musuguano hautegemei ukubwa wa pahali panapogusana. Mupira hautii sheria hii sawasawa. Mupira ukikandamizwa sana, nguvu yake ya kushika, kwa kila kilo, inapunguka. Pine pana tena inapoa vizuri, na umbo fupi na pana linajibu upesi wakati volani inageuzwa. Kwa hiyo ku kona, barabara ikiwa kavu, pine pana inashika kuliko.

Mvua ikinyesha, mambo yanageuka. Pine nyembamba inapasua maji sawa kisu. Pine pana inapaswa kusukuma maji mengi mbele yake, na ikishindwa inapanda juu ya maji sawa mutumbwi. Hapo volani haina kazi tena. Mifereji ile inayochorwa kwa pine ni ya kutoa maji, si ya kupendeza macho.

3. JANTI

Janti ni mifupa ya gurudumu. MGB ya zamani ilitoka katika kiwanda ao na janti za chuma, ao na janti za rayoni sawa za kinga. Zote mbili zilikuwa za pusi 14. Pusi moja ni milimetre 25,4.

Janti ya rayoni ni nzuri kwa macho, lakini katika mashindano inaleta mateso. Kila kona inavuta rayoni na kuzilegeza. Tena rayoni zinapita ndani ya janti, kwa hiyo upepo unatoroka, na inafaa kuweka mupira wa ndani. Mutu akiweka pine ya mashindano inayoshika sana juu ya rayoni za zamani, anaomba rayoni kazi ambayo hazikutengenezewa. Pine yake itashika, na rayoni zitakatika.

Janti ya chuma ni ya nguvu na bei ndogo, lakini ni nzito. Kwa sababu hii mashindano yalileta janti za madini mepesi. Chuma kinapima karibu gramu 7,8 kwa kila santimetre kibe, aluminiumu 2,7, manyeziumu 1,7. Katika miaka ya 1960 janti zinazoitwa Minilite, za manyeziumu, zilipata jina kubwa katika mashindano ya Uingereza.

Juu ya nini wepesi wa gurudumu ni jambo kubwa? Kwa sababu mbili. Ya kwanza: gurudumu liko chini ya resori. Likikuta shimo, resori na amortiseri zinapaswa kulirudisha upesi chini. Gurudumu zito linaruka na linachelewa kurudi, na wakati liko hewani halishiki kitu. Ya pili: gurudumu linakwenda mbele na tena linazunguka. Motere inalipa mara mbili, na freni inalipa mara mbili.

Lakini manyeziumu inazeeka vibaya. Inakulwa na maji na chumvi, tena inafanya nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Janti ya miaka 50 inaweza kungaa kwa rangi mupya na kuvunjika katika kona ya kwanza. Mutu mwenye akili anaipeleka kwa wenye kupima nyufa, ao ananunua mupya ya aluminiumu yenye umbo lile lile. Inazidi uzito kidogo, lakini analala usingizi.

Kuko vipimo vinne ambavyo janti inapaswa kutii. (a) Matundu ya boloti: kwa MGB yenye janti za chuma ni 4, yaliyopangwa juu ya duara la milimetre 114,3. (b) Tundu la katikati. (c) Upana wa janti. (d) Kadiri janti inaingia ndani ao inatoka inje. Hii ya nne ndiyo vijana wanasahau. Janti ikitoka inje sana, motokari inaonekana kifua mbele sawa musimamizi wa soko, lakini rulma zinachoka, volani inakuwa nzito, na pine inakata chuma cha juu yake kila mara resori zinashuka. Tena ekru zinapaswa kufanana na kiti chao: ekru yenye kichwa cha mviringo ao cha kuchongoka haikai juu ya kiti bapa. Na nyuma ya mbio ya kwanza, inafaa kukaza ekru tena.

4. MANENO YALIYOANDIKWA UBAVUNI

Pine inazungumza, lakini wengi wetu hatujui luga yake. Tuchukue mufano: 165/80 R14 85T.

165 ni upana wa pine kwa milimetre. 80 ni urefu wa ubavu: 80 kwa mia ya ule upana, ndiyo milimetre 132. R ni radiale. 14 ni pusi za janti. 85 ni muzigo: namba hii maana yake kilo 515, si kilo 85! T ni mwendo: kilometre 190 kwa saa. H ni 210, V ni 240.

Neno radiale lina historia. MGB za kwanza zilikuwa na pine za namna ya zamani, ambazo nyuzi zake za ndani zinapitana kama musuko wa kikapu. Katika radiale nyuzi zinapita sawasawa toka ubavu mpaka ubavu, na mukanda mugumu unazunguka juu yao. Kampuni ya Michelin iliandikisha hii kazi mwaka 1946 na ikaanza kuiuzisha mwaka 1949. Radiale inashika kuliko, na inadumu. Pine ya musuko inaanza kuteleza mapema lakini polepole, inamupa mwenye kuendesha muda wa kusikia hatari. Kwa hiyo katika mashindano mengi ya motokari za kihistoria kanuni zinaamuru pine za namna ya wakati ule, ili motokari ya mwaka 1963 ikimbie sawa ilivyokimbia mwaka 1963. Na hapo, wasomaji, ndipo jibu la mabishano yetu. Yule mutu wa picha labda hakuwa masikini hata kidogo. Alitii kanuni. Jambo moja ni marufuku kabisa: kuweka radiale na musuko kwa esie moja. Magurudumu mawili yenye tabia mbili yanavuta motokari kama ndoa isiyo na mapatano.

Mashindano mengine yanaruhusu pine pana za sasa. Tuseme mutu anatoa 165/80 R14 na kuweka 185/60 R14. Tuhesabu. Pine ya kwanza: janti milimetre 355,6, ongeza ubavu mara mbili, 264, jumla karibu milimetre 620. Pine ya pili: ubavu wake ni 111, mara mbili ni 222, jumla karibu milimetre 578. Pine ya pili ni ndogo karibu 7 kwa mia. Kwa kila kilometre ya kwanza inazunguka mara 514, ya pili mara 551.

Matunda yake ni nini? Motokari inashuka chini, jambo zuri kwa kona. Inaondoka upesi, sawa vile umeingiza vitesi ndogo kidogo. Lakini motere inazunguka zaidi kwa mwendo uleule, na kompteri inasema uongo: ikionyesha 100, kweli ni 93. Kwa kupanda mulima wa metre 914 ni biashara nzuri. Kwa safari ndefu ni hasara ya esanse na masikio. Tena janti ya zamani ya pusi 4 ni nyembamba mno kwa hii pine. Inaomba walau pusi 5. Ubavu ukibanwa, pine inasimama juu ya katikati yake tu, na faida yote ya upana imepotea.

5. MUPIRA LAINI, MUPIRA MUGUMU, NA MUPIRA WA BABU ZETU

Nyuma ya ukubwa kunafuata unyama wa pine, maana yake mupira wenyewe. Mupira laini unashika sana lakini unaisha upesi. Mupira mugumu unadumu lakini unateleza mapema. Na kila mupira una joto lake. Pine ya mashindano ya dakika 20 inataka kuwa moto kwanza. Ikiwa baridi inateleza kuliko pine ya soko. Mutu wa mulima, ambaye anamaliza kazi mbele ya dakika moja, hana wakati wa kupasha pine moto. Kwake mupira laini unaoshika mapema ni wa lazima, na hauishi, kwani haukimbii sana. Mutu wa muzunguko akichukua ule ule, nyuma ya dakika 10 utakuwa sawa ubugali. Na mwenye kurudi nyumbani usiku kwa pine zilezile, katika mvua, anapaswa kufikiri na juu ya ile mvua.

Mupira huu unafanywa na utomvu wa miti, na mupira wa kiwanda, masizi meusi, na kibiriti. Hapa tunasimama kidogo, kwa sababu hapa historia ya pine inagusa inchi yetu. Mwaka 1888, kwa Belfast, munganga wa nyama jina lake John Boyd Dunlop alifunga mipira yenye upepo kwa kinga ya magurudumu matatu ya mutoto wake. Jina lake linaandikwa ubavuni mwa pine mpaka leo, na za mashindano ya motokari za kihistoria vilevile. Ulaya yote ilitaka mupira, na mupira ulikuwa katika pori zetu. Katika Inchi Huru ya Kongo ya Leopold II, toka 1885 mpaka 1908, babu zetu walilazimishwa kuuleta kwa fimbo na kwa bunduki. Wengi walikufa, wengine walikatwa mikono. Kati ya wale waliosema wazi mbele ya dunia walikuwa wamisionere Waprotestanti. Bibi Alice Seeley Harris, mwaka 1904 kwa Baringa, alipiga picha ya baba anayeangalia mukono na muguu wa mutoto wake mwanamuke, ndivyo vilivyobaki kwake. Picha hizo zilionyeshwa Ulaya na Amerika, na zilisaidia kumwondolea Leopold inchi hii mwaka 1908. Hatuandiki hivi kwa kuharibu furaha ya mashindano. Tunaandika ili mwanafunzi akigusa pine ajue ya kama si kitu kigeni kwetu.

6. UPEPO

Pine nzuri yenye upepo mubaya ni pine mbaya. Presio inapimwa wakati pine iko baridi, asubui, mbele ya kutembea. Juu ya nini? Tukumbuke sheria ya gazi. Pine yenye bari 1,7, kuongeza bari 1 ya hewa ya inje, ni bari 2,7 kamili. Ikitoka joto la 20 mpaka 80, tunazidisha 2,7 kwa 353, tunagawanya kwa 293, tunapata 3,25. Tukiondoa ile 1, kipimo kitasoma 2,25. Hakuna mutu aliyeongeza upepo. Ni joto tu. Mutu asiyejua fizike anaona 2,25, anatoa upepo, na kesho asubui pine yake imelegea.

Wenye mashindano wanafanya zaidi. Mara moja nyuma ya mbio wanachoma kipimo cha joto kidogo katika mupira, pahali patatu: ndani, katikati, inje. Katikati ikiwa moto kuliko pembeni, upepo umezidi. Pembeni zote mbili zikiwa moto kuliko katikati, upepo umepunguka. Pine inawaambia ugonjwa wake, sawa mugonjwa mbele ya munganga.

7. NJIA YA KUCHAGUA

Basi, mutu wa MGB anayetaka kushindana afuate mustari huu. Kwanza kanuni: asome karatasi ya mashindano kuona pine na janti gani zinaruhusiwa, kwani kununua mbele ya kusoma ni kutupa feza. Pili kazi: dakika moja, dakika 20, ao siku nzima. Tatu motokari: je, rulma, rayoni, esie na resori za zamani zitabeba nguvu ya pine anayoitaka? Pine inayoshika mno katika kona ndefu inaweza hata kusukuma mafuta ya motere upande mmoja, pompe ikavuta hewa, na motere ikafa. Ine janti. Tano pine. Sita feza. Na hapo tunakumbuka mufano wa Bwana Yesu katika Luka 14, juu ya mutu wa kujenga munara ambaye inafaa akae kwanza na kuhesabu.

Mutaona ya kama wengi wanaanza na tano, wakimaliza na kanuni. Ndiyo sababu katika garaji nyingi kuko pine nzuri ambazo hazina kazi.

8. UMRI, NA KAMIONETE YETU

Liko jambo moja ambalo linapita upana na ulaini. Motokari ya kihistoria inatembea kidogo, labda siku kumi kwa mwaka. Pine zake haziishi. Mifereji inabaki mirefu, na mwenyewe anafurahi. Lakini mupira unazeeka hata ukilala: jua, joto na hewa vinaukausha, na nyuzi za ndani zinaachana na mupira polepole. Macho hayaoni.

Mwaka 2012, kwa Uingereza, basi lililobeba vijana waliotoka kwa sikukuu ya muziki lilipasuka pine ya mbele. Watu 3 walikufa. Mifereji ya ile pine ilikuwa mizuri, sheria ilikubali. Lakini pine ilikuwa na miaka zaidi ya 19. Mama wa kijana mumoja aliyekufa hakunyamaza. Alipigana kwa miaka mingi, na toka Februari 2021 sheria ya kule inakataza pine zilizopita miaka 10 kwa magurudumu ya mbele ya mabasi na makamio.

Umri unasomwa ubavuni, nyuma ya herufi DOT. Namba 4 za mwisho ni juma na mwaka: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Ikiwa namba ni 3 tu, pine ilitengenezwa mbele ya mwaka 2000.

Tulipofahamu haya, tuliomba ruhusa kwa shofere, tukaenda na taa chini ya kamionete ya masomo, ile itakayobeba kwaya. Pine mbili za mbele na ya nyuma kuume: 1420. Vizuri. Ya nyuma kushoto: 3108, na nyufa ndogo ubavuni. Ile ya akiba, ambayo wote tunaisifu kwa sababu mifereji yake ni mirefu sawa mupya: namba 3 tu, 239. Wasomaji wapenzi, hii pine ni mukubwa wetu, sisi wanafunzi wote. Ingepaswa kutuita watoto.

Hatusemi hivi kwa kulaumu mutu. Shofere alisema wazi hakujua kusoma zile namba, na sisi vilevile hatukujua mbele ya juma lililopita. Bwana Ekonome alituonyesha daftari: feza ya pine mbili haiko kwa mwezi huu. Lakini kwaya ilikusanya feza ya vitenge vya kuvaa sawa kwa sikukuu. Tuliwaomba wanakwaya wafikiri, na watakutana Jumamosi nyuma ya sala ya mangaribi. Kikundi chetu kimekwisha kutoa feza yake yote, hata ikiwa ni kidogo.

Musiulize tena ikiwa pine ni pana ao nyembamba. Muinamie, musome namba. Na mukipanda piki-piki kwa kwenda soko, muinamie na pale vilevile, mbele ya kulipa.

Kikundi cha Mekanike